Kibonde wa 80 kwa 1: Mbio za farasi hushindwa dakika ya kwanza

JUMAMOSI ya Mei 7, 2022, kwenye uwanja wa Churchill Downs mjini Louisville, Marekani, farasi 20 walitoka getini kukimbia Kentucky Derby. Dakika mbili baadaye watu walikuwa wanashika vichwa. Aliyevuka mstari wa kwanza ni Rich Strike, farasi aliyekuwa na odi ya 80 kwa 1.

Waliombetia kwa Dola 2 walipewa Dola 163.60. Kwa hesabu ya mtaani, ni sawa na kuweka Sh2,000 na kuondoka na Sh163,600 kwa mechi moja tu, bila kuunganisha mkeka wa timu 15.

Tangu Derby ianze kukimbiwa, ni farasi mmoja tu amewahi kushinda akiwa na odi kubwa kuliko hiyo. Huyo ni Donerail, mwaka 1913, kwa 91 kwa 1.

Wengi waliita bahati. Lakini kuna kundi la wachambuzi wa mbio za farasi ambao walipoona saa ya mita 400 za kwanza, walijua kuna farasi wa nyuma atakuja kula pesa za watu. Hawakujua jina lake. Walijua aina yake.

Hapo ndipo ulipo utamu wa uchambuzi wa kasi, na hapo hapo ndipo ulipo mtego wake.

SAA ILISEMA NINI

Derby ni mbio za maili moja na robo, yaani kama mita 2,000. Saa inasomwa kila baada ya mita 400 hivi, na inampima aliye mbele muda huo.

Siku ile mita 400 za kwanza zilikatwa kwa sekunde 21.78. Hakujawahi kutokea mwanzo wa haraka kama huo katika historia ya Derby. Mita 800 zilifika kwa sekunde 45.36, na mita 1,200 kwa dakika 1 na sekunde 10.34.

Mshindi alimaliza kwa dakika 2 na sekunde 2.61.

Sasa ifanywe hesabu ya darasa la nne. Ukitoa saa ya mita 1,200 kwenye saa ya mwisho, unapata kwamba mita 800 za mwisho zilichukua sekunde 52.27. Mita 800 za mwanzo zilichukua sekunde 45.36. Tofauti ni karibu sekunde saba.

Kwenye mbio za farasi, sekunde moja ni kama urefu wa farasi watano. Kwa hiyo tofauti ya sekunde saba si kuchoka kwa kawaida. Hapo watu wamekata moto kabisa.

Aliyeongoza mwanzo anaitwa Summer Is Tomorrow. Alitoka Dubai, ambako alikuwa ameshinda mbio fupi kwenye uwanja wa Meydan kabla ya kushika nafasi ya pili kwenye UAE Derby. Huyu ni farasi wa kutoka nduki. Pembeni yake alikuwepo Crown Pride wa Japan, aliyemshinda kwenye hiyo hiyo UAE Derby, pamoja na Messier. Wote watatu walitaka kuwa mbele, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake.

Matokeo yao? Crown Pride alimaliza wa 13, Messier wa 15, na Summer Is Tomorrow aliburuza mkia, wa 20.

Wakati wenzake wanauana mbele, Rich Strike alikuwa nyuma kabisa, farasi 17 wakiwa mbele yake. Joki Sonny Leon alimwingiza upande wa ndani karibu na uzio, akapenya katikati ya farasi waliochoka, akamzunguka Messier kwenye nyoofu ya mwisho, kisha akampita Epicenter, aliyekuwa anapewa nafasi kubwa kuliko wote, zikiwa zimebaki hatua chache.

Ukiangalia tena picha za mbio hizo, inaonekana kama Rich Strike ana injini ya ndege. Saa inasema vingine. Yeye hakuongeza kasi ya ajabu. Wenzake ndio waliokuwa wanasimama.

NI KAMA TIMU INAYOKABA JUU

Shabiki wa soka hahitaji kwenda chuo kulielewa hili. Kila wiki anaiona timu inayoanza mechi kwa kukaba kuanzia kwenye boksi la mpinzani, inakimbia kama inafukuzwa, inakosa nafasi nne dakika 20 za kwanza. Ikifika dakika ya 70, viungo wanashika magoti, mabeki wanaachwa peke yao, na timu iliyokuwa imejibanza nyuma inapiga bao moja la kushtukiza. Mchezo umeisha.

Bao limefungwa dakika ya 80, lakini mechi ilipotea kwenye zile dakika 20 za kwanza.

Farasi wa mbio wa ukoo wa Thoroughbred wako hivyo hivyo. Mnyama ana akiba fulani ya nguvu. Akiitumia yote mapema, hakuna kiboko wala joki atakayemrudishia. Akiitumia kwa mpangilio, anafika nayo mwisho.

Hata wapenzi wa marathoni wanalijua hili. Sungura anapowekwa kukimbia mbele, kazi yake ni kupanga kasi, na kasi hiyo ndiyo inayoamua nani atabaki kundini kilomita ya 35. Tofauti ni kwamba kwenye farasi mara nyingi sungura hajui kama yeye ni sungura. Mwenye farasi naye amekuja kutafuta ushindi.

KAZI INAVYOFANYIKA

Mchambuzi wa kasi haanzi na swali la nani farasi bora. Anaanza na swali jingine: mbio hizi zitakimbiwaje?

Kwanza anachukua kumbukumbu za kila farasi, ambazo Marekani zinachapishwa kwenye magazeti ya mbio. Humo kunaonyeshwa farasi alikuwa nafasi ya ngapi kila alama ya njia, sio mwisho tu. Kutokana na hapo anawagawa kwenye mafungu manne: wa kuongoza, wa kufuatia kwa karibu, wa katikati, na wa kutokea nyuma.

Mwaka 1979, William Quirin alitoa kitabu chenye namna ya kulifanya hili kwa namba. Kila farasi anapewa pointi kutoka 0 hadi 8 kulingana na jinsi anavyotoka mbele kwenye mbio zake za karibuni. Mwenye 8 lazima aongoze, na mwenye 0 anakaa nyuma akisubiri.

Kisha mchambuzi anahesabu. Je, wa kuongoza wako wangapi?

Wakiwa watatu au zaidi, na wote hawajui kukimbia wakiwa nyuma ya mwenzao, kuna uwezekano wa vita. Hapo anaangalia wa nyuma, hasa wale wenye odi kubwa ambao watu wamewapuuza.

Akiwa mmoja tu, hadithi inageuka kabisa. Huyo anaweza kuongoza kwa raha zake, akapumua, na kumaliza akiwa na akiba.

Baada ya hapo ndipo anaingiza mengine: urefu wa mbio, kama ni udongo au nyasi, kama mvua imenyesha, geti analotokea, na joki aliyepanda. Cha mwisho kabisa ni bei. Farasi mzuri mwenye odi ndogo kuliko uwezo wake hana faida hata akishinda.

KIBONDE WA MBELE, KIBONDE WA NYUMA

Mfano wa upande wa pili ni Derby ya 2002. Farasi anaitwa War Emblem, odi 20 kwa 1. Mwanamfalme Ahmed bin Salman wa Saudi Arabia alikuwa amemnunua wiki chache tu kabla ya mbio, kocha akiwa Bob Baffert na joki Victor Espinoza.

War Emblem alitoka mbele na hakuna aliyemsumbua. Mita 800 alifika kwa sekunde 47.04, karibu sekunde mbili taratibu zaidi ya ile Derby ya 2022. Wengine walikaa nyuma wakisubiri achoke. Mita zake 800 za mwisho zilichukua sekunde 49.38. Hakuchoka. Alishinda akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho, na Dola 2 ikalipa Dola 43.

Miaka mitatu baadaye, 2005, mambo yakageuka tena. Spanish Chestnut aliongoza kwa kasi ya moto, mita 800 kwa sekunde 45.38. Giacomo, wa 50 kwa 1, alikuwa nyuma akimsubiri kila mtu aungue. Mita 800 za mwisho zilichukua sekunde 53.16, na Giacomo na joki wake Mike Smith wakapita. Wa pili alikuwa Closing Argument wa 71 kwa 1. Bellamy Road, aliyebetiwa kuliko wote, aliishia nafasi ya saba.

Ziwekwe pamoja hizo mbio tatu. Mwaka 2005 na 2022 mwanzo ulikuwa chini ya sekunde 46, na vibonde wa nyuma wakashinda. Mwaka 2002 mwanzo ulikuwa juu ya sekunde 47, na kibonde wa mbele akashinda. Vibonde wote hao watatu walikuwa na kitu kimoja: mwendo wa mbio uliwakubali.

KWA NINI BEI INAKOSEA

Swali la msingi ni hili: kama saa ziko wazi na kumbukumbu ziko magazetini, kwa nini farasi wa aina hiyo anaachwa hadi 80 kwa 1?

Jibu la kwanza ni kwamba watu wengi wanaangalia matokeo, hawaangalii yalivyopatikana. Rich Strike alikuwa ameshinda mara moja tu kabla ya Derby. Alikuwa amenunuliwa kwa Dola 30,000 kwenye mbio za farasi wa kuuzwa. Aliingia Derby siku moja kabla, baada ya Ethereal Road kujitoa. Nani angemwekea hela?

Jibu la pili ni mfumo wenyewe wa kubeti. Kwenye mbio za Marekani, kwa kawaida hakuna kampuni inayopanga odi kama zile za mechi ya Simba na Yanga. Pesa zote zinaingia kwenye chungu kimoja, uwanja unakata chake, kinachobaki wanagawana walioshinda. Odi inatokana na watu wameweka wapi. Mbetaji hapigani na kampuni, anapigana na wabetaji wenzake.

Kwa hiyo jina kubwa likivuta pesa nyingi, bei yake inashuka kuliko inavyostahili, na bei ya wengine inapanda. Siku ya Derby, ambapo hata watu wasiofuatilia farasi mwaka mzima wanaweka dau kwa sababu ya jina au rangi ya jezi, upotofu huo unakua zaidi.

Jibu la tatu ni kanuni. Tangu 2013, nafasi za Derby zinagawiwa kwa pointi za mbio za maandalizi, sio kwa pesa za ushindi kama zamani. Farasi wa mbio fupi, wale wa kuwasha moto mwanzo, walipungua. Kuanzia 2013 hadi 2018, aliyekuwa anapewa nafasi kubwa alishinda miaka yote sita mfululizo, na wengi wao walikaa mbele au karibu na mbele. Watu wakazoea kwamba Derby ya sasa haina vita vya mwanzo.

Kisha 2022 akaja mwenye kasi za mbio fupi kutoka Meydan, na mazoea yakaumbuka.

HAPA NDIPO PANAPOUMIZA

Pamoja na hayo yote, kuna mambo ambayo wauzaji wa uhakika hawayasemi.

La kwanza, uchambuzi wa kasi unakupa fungu, haukupi jina. Aliyeamini mwaka 2022 kwamba mbele kutaungua, alikuwa na farasi kadhaa wa nyuma wa kuchagua. Zandon alikuja wa tatu, Mo Donegal wa tano, Barber Road wa sita. Uchambuzi ulikuwa sahihi kwa asilimia 100, na bado wengi waliokuwa nao walichana tiketi.

La pili, joki naye anasoma gazeti lile lile. Wote wakijua kuna vita, mmoja anaweza kumvuta farasi wake, wa pili naye akamvuta, na ghafla kasi inakuwa ya mchaka mchaka. Aliyebetia wa nyuma anabaki anapiga kelele. Ni kama ile mechi ambayo kila mtu alitabiri mabao matano, kumbe makocha wote wawili wamepaki basi.

La tatu, kasi sio kila kitu. Mwaka 2009, Mine That Bird alishinda Derby kwa 50 kwa 1 akitokea mwisho kabisa, na mita 800 za mwanzo zilikuwa sekunde 47.23, mwendo wa kawaida. Siku hiyo kulikuwa na tope, na joki Calvin Borel alipita kwenye njia ya ndani pembeni ya uzio. Mwenye kuangalia saa pekee asingempata.

La nne ni hesabu ya kukosa. Tuseme mtu ana jicho kali, anapata farasi ambaye uwezo wake wa kweli ni mmoja kati ya 40, lakini bei ni 80 kwa 1. Hiyo ni bei tamu kweli. Lakini bado atapoteza mara 39 kati ya 40, tena sio kwa mpangilio. Anaweza kukosa mara 100 mfululizo na hesabu zake ziwe sahihi. Mwenye hela ya kodi mfukoni haifikii hiyo mara ya 101.

Na juu ya yote, uwanja unakata chake kwanza. Churchill Downs inachukua asilimia 17.5 ya chungu cha mshindi. Maana yake, mbetaji wa kawaida anaanza mbio akiwa nyuma, kama farasi aliyechelewa kutoka getini.

FARASI WA SKRINI HAWACHOKI

Hili linagusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mbio za farasi wa kweli zipo Nairobi, kwenye uwanja wa Ngong, ambako hukimbiwa pia Kenya Derby. Pale, mwenye kutaka kujifunza anaweza kusimama kwenye uzio na kuona kwa macho nani anapenda kuongoza na nani anapenda kusubiri. Farasi wakiwa wachache getini, ndivyo inavyokuwa rahisi mmoja kujikuta yuko peke yake mbele, na somo la War Emblem linafaa zaidi kuliko la Rich Strike.

Lakini farasi ambao vijana wengi wanawajua sio hao. Ni wale wa kwenye skrini za vibanda vya kubeti, wanaokimbia kila baada ya dakika chache. Kuna watu wanakaa na daftari, wanaandika namba 4 imeshinda mara ngapi, namba 6 imekuja lini mara ya mwisho, wakiamini wanafanya uchambuzi.

Hapo hakuna cha kuchambua. Mshindi anachaguliwa na programu kwa namba za kubahatisha, picha inafuata baadaye. Farasi wa skrini hana mapafu. Akiongoza kwa kasi hachoki, akikaa nyuma hatunzi nguvu. Daftari la mwaka mzima halimsaidii mtu hata senti.

Uchambuzi wa kasi una maana pale tu ambapo kuna mwili unaochoka. Ndio maana unafaa kwenye farasi, baiskeli, marathoni, na hata soka.

BAADA YA SHEREHE

Na Rich Strike je, alikuwa nyota aliyejificha? Baada ya Derby, mwezi mmoja baadaye alikimbia Belmont Stakes na kumaliza wa sita. Aliyeshinda ni Mo Donegal, yule yule aliyeachwa nyuma kule Louisville. Rich Strike aliendelea kukimbia hadi 2023 na hakushinda tena.

Farasi ni yule yule. Ila sekunde 21.78 zile hazikurudi.

Ndio maana mchambuzi makini hamtafuti kibonde kwa kuangalia nani ana odi kubwa. Anatafuta mbio zenye dalili ya kuungua mbele, halafu ndipo anauliza nani atakuwa amebaki na pumzi. Siku nyingi hakuna dalili hiyo, na siku hizo jibu sahihi ni kufunga pochi.

Shabiki aliyezoea kukimbilia odi kubwa kila Jumamosi anaweza kuondoka na kitu kimoja hapa. Iwe farasi au timu, kabla ya kuangalia 80 kwa 1, aangalie kwanza nani anakimbia sana mapema, na nani anamsubiri achoke.